Divai Niliyoipulizia

Juzi mwalimu wa kemia alisuuza chupa kwa javeli, dawa ya kuua vijidudu, kisha akachemsha mpira mwembamba wa kupitishia maji mbele ya darasa. Harufu ya javeli ikanibeba hadi nyuma ya nyumba yetu mtaani Mudzipela, mimi nikiwa na miaka sita.

Mchana ule Tantine, dada ya baba, alikuwa akihamisha divai ya mananasi ya ndoa ya kaka yangu. Alisuuza bidoni mpya, dumu la kutilia divai, kwa javeli, akachemsha mpira, akaulaza juu ya kitambaa cheupe. Nyuki walivuma polepole. Divai ilinong'ona ndani ya bidoni yake ya zamani.

«Weye, usiguse! Ukigusa, itakufa,» Tantine alinionya.

Maji ya moto, javeli, kitambaa cheupe: nilikuwa nimeviona maternite, hospitali ya wazazi, mama alipojifungua. Basi divai iko mgonjwa, nikawaza. Tantine alipoingia ndani, nikachovya mpira ndani ya divai, nikaipulizia pumzi ipone, kwa mdomo uliotoka kula samaki.

Siku ya ndoa wageni walionja siki.

«Nani aliloga divai yangu?» Tantine alilia. Nami nikalia naye, kwa ajili ya marehemu divai.

«Nani anajua kwa nini tunachemsha mpira?» mwalimu wa kemia aliuliza juzi.

Kwa mara ya kwanza mwaka huu, nikanyoosha mkono.