Mama Aliyekataa Kushusha Pikapu

Nilikuwa Malaba, nimekwama nyuma ya foleni ya malori ambayo sisi watu wa mpakani tumekwisha kuizoea, simu ilipolia. Alikuwa fundi wangu wa Nambale, mtu ambaye hunipigia tu akiwa na habari mbaya kuhusu gari langu. Safari hii hakuuliza hata niko wapi. "Yule mama wa Osieko ametuacha," alisema. Ninyi wasomaji wangu wa siku nyingi hammjui, kwa sababu mwenyewe alinikataza nisimwandike, akidai kwamba kazi ya gazeti ni kufungia samaki. Sasa hawezi kunikataza tena, na leo nitamwandika mpaka niridhike.

Alikuwa mchuuzi wa samaki, mjane, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Wengi hapa Busia walilijua gari lake kabla ya kumjua yeye: pikapu kuukuu, rangi imechujuka, iliyoinuliwa juu kiasi kwamba yeye, mtu mfupi, alipanda kwa kukanyaga kreti ya soda. Kuna vijana mjini wanaoinua magari yao kwa maringo tu, na sina neno nao. Yeye aliinua lake kwa sababu aliishi Osieko, na mvua ikishika kule, ziwa na kinamasi hukutana katikati ya barabara. Magari ya chini hurudi yalikotoka. Lake lilipita. Lilipita na samaki, lilipita na wagonjwa, na lilipita na majeneza ya watu waliofia mbali, ambao kwa desturi zetu hawana pa kuzikwa ila nyumbani kwao.

Shida ilikuwa ekseli za mbele. Gari likitoka kiwandani, ekseli hizo hulala karibu sawasawa kutoka katikati hadi kwenye magurudumu. Ukiliinua, zinainama, na viungo vyake vinazunguka vikiwa vimepindwa saa zote. Mpira unaofunika kiungo unachanika, grisi inaruka nje, maji na mchanga vinaingia, na ekseli iliyopaswa kudumu inakwisha mapema mno. Dalili yake ni mlio wa ka-ka-ka ukikata kona. Aliwahi kunipa lifti kutoka Nambale, tumebanana mbele watatu, yeye, mimi na mama mmoja mwenye kuku, na kila tulipokaribia kona alituamuru tunyamaze ili asikilize. Yule mama aliogopa amri hiyo mpaka akamshika kuku mdomo. Chini ya kiti, mahali ambapo wengine huweka jeki, palikuwa na ekseli ya akiba aliyoitafuta kwa wauza vyuma wa upande wa Uganda, imeviringishwa ndani ya leso kama mtoto mchanga.

Fundi alimsihi kila mara ashushe gari, na kusema kweli hakuwa amekosea. Alichoka kuona ekseli zikitoka kwake nzima na kurudi zikiwa mabaki. Basi siku moja mama alimwachia pikapu, akaenda matangani Busibwabo. Aliporudi alikuta gari limeshushwa, limeoshwa, na fundi amesimama kando yake akitabasamu. Ndivyo tulivyo sisi watu wa huku: tukimpenda mtu tunamfanyia asichotuomba, kisha tunangoja asante. Nilikuwapo, gari langu likiwa wazi boneti. Nilitarajia kelele, maana mama yule hakujua kunong'ona. Lakini alilizunguka gari taratibu, akasikiliza maelezo yote ya fundi kuhusu ekseli zitakavyodumu sasa, wala hakumkatiza. Utulivu ule ulinitia wasiwasi kuliko kelele.

"Fundi, hayo yote umesema ni ukweli," akamwambia. "Lakini kuna msichana kule kwetu mimba yake imefika, na mvua ndiyo hiyo imeanza. Maji ikishika barabara, wewe utakuja kumbeba kwa mgongo? Wacha ekseli iishe. Inua gari."

Fundi alinuna, na alikuwa na haki ya kununa. Alifungua tena kila alichokuwa amekifunga, huku mama ameketi juu ya kreti yake akila njugu na kumsifu kwa kazi safi, jambo lililozidi kumuudhi. Jua lilipokuwa linashuka, pikapu ilikuwa juu tena, na mama akaondoka nayo bila kutazama nyuma.

Wiki hiyohiyo maji yakashika. Ambulensi ilifika ukingoni ikasimama, na dereva wake hakuwa na la kufanya. Ng'ambo ya pili ya maji msichana alikuwa ameanza kuumwa uchungu. Mama mzazi wa msichana huyo ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Walimlaza bintiye nyuma ya pikapu juu ya magunia, mwenye pikapu akaingia majini polepole, ule mlio wa ka-ka-ka ukisikika njia nzima ingawa barabara ilikuwa imenyooka. Walifika nchi kavu, msichana akahamishiwa kwenye ambulensi, na pikapu ilipojaribu kugeuka ndipo ekseli ya kushoto ikakatika. Mtoto alizaliwa hospitalini salama, na mamaye yuko hai. Niliposikia nilijivuna, jamani, nilijivuna kana kwamba mimi ndiye niliyeshika usukani. Huyo alikuwa mtu wa kwetu.

Juzi tumemzika Osieko. Presha ndiyo iliyomchukua, akiwa bado na nguvu zake. Msemaji mmoja alipata kipaza sauti akasema kwamba maisha ya marehemu yalikuwa kama ekseli zake, yamechakaa kabla ya wakati. Watu waliguna, nami nikakasirika, kwa sababu mtu si chuma, na yule mama hakuwa amechakaa hata kidogo. Kisha akasimama shemeji yake, mzee mpole, akatangaza kwa niaba ya familia kwamba pikapu ni ya binti wa marehemu, na kwamba itashushwa ili imdumu. Alisema kwa nia njema. Binti aliinamisha kichwa, asiweze kumpinga mzee mbele ya watu. Ndipo fundi wa Nambale akanyoosha mkono.

"Wazee, mnisamehe. Mimi ndiye nilikuwa nataka hii gari ishushwe, na mama alinikataza," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia ekseli. Mama alikuwa anaangalia nyinyi. Hii gari haishushwi. Ekseli ikiisha, binti aniletee."

Akina mama wa Osieko wakapiga vigelegele palepale kando ya kaburi, na hakuna aliyewanyamazisha. Shemeji mtu alitazama chini, akatikisa kichwa kukubali, na binti akainua uso. Nimerudi Busia na fahari ambayo sikutegemea kuitoa mazishini. Na nimejifunza kwamba kitu kikichakaa mapema, kabla sijamlaumu mwenyewe kwamba hajui kutunza, niulize kwanza kilikuwa kinambeba nani.