Mgeni Aliyenifundisha Kilatini

"Sasa huyu mama ni mugeni wa nani?"

Niliulizwa swali hilo jikoni kwetu, mtaa wa Kensington, Sydney, na sikuweza kulijibu. Naomba uniamini, haya yalitokea. Mimi si mtu wa kuamini majini. Nilikuwa yule mtoto wa katekesi anayemuuliza mwalimu ni nani aliyekuwepo akamsikia nyoka akiongea, na chuo kikuu kimenizidishia ugonjwa huo. Ungenisimulia wewe kisa hiki, ningekuhoji mpaka ukasirike.

Tulikuwa wasichana watatu katika nyumba ya kupanga. Njeri, nesi kutoka Nakuru, ana ukoo mzima kule Quakers Hill. Aline, Mkongomani wa Bukavu, anahudumia wazee, na mama zake wadogo wanakaa Smithfield. Mimi ni Mtaita, mwanafunzi, sina ndugu Sydney hii. Muhula ule nilikuwa nimechukua Kilatini cha mwanzo, na vikaratasi vyangu vilijaa nyumba nzima: ianua mlangoni, mensa mezani, aqua juu ya bomba.

"Hicho Kilatini utaongea na nani?" Njeri alinicheka. "Na Papa?"

"Hata Papa atakujibu tu mu Kiitaliano, dada," Aline akasema.

Jioni moja ya Juni, wakati giza linaingia mapema na baridi yake, nilirudi nikamkuta mama mmoja ameketi sebuleni, amejifunga kitenge, anasoma vikaratasi vyangu. Nikamwamkia, akaitikia, nikaenda kumchemshia chai. Ungefanya nini wewe? Kwetu mgeni haulizwi amekuja kwa nani. Unampa chai, unamtandikia godoro, mengine atajieleza mwenyewe. Nikajua tu kwamba ni mama mdogo wa Aline.

Kiswahili chake kilikuwa safi, lakini hakikuwa na kwao. Hakikuwa cha Mombasa, wala cha Goma, wala cha Nairobi, na mimi mambo hayo huyasikia haraka. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

"Mwanangu, haya maneno unayataka kweli?"

"Nina mtihani, mama."

"Basi kaa nikufundishe. Aqua. Kwenu mnasemaje?"

"Maji."

"Hapana. Kwenu. Kwa nyanya yako."

Nikamwambia kwa Kidawida, lugha yetu Wataita. Akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Alijuaje kwamba nina nyanya? Nilijiuliza, kisha nikajijibu kwamba kila mtu ana nyanya. Siku zilizofuata tuliendelea hivyo: yeye neno, mimi neno. Kilatini kikaanza kuniingia kwa namna ambayo hakuna kitabu kilichowahi kuniingizia.

Sasa, nyanya ndiye aliyenilea. Macho yake yamekwisha, na Kiswahili chake ni cha salamu tu. Kwake mimi ni sauti ya simu inayoongea Kidawida, basi. Jumapili ile nilipompigia nilitaka kujua kama amechotewa maji, na neno halikuja. Palikuwa na shimo, na ndani ya shimo, aqua. Nyanya alicheka, akasema Wazungu wamenila ulimi.

Uchovu, nikajiambia. Lugha isiyotumika huchakaa. Lakini Jumapili iliyofuata moto haukuwepo, wala mlango, wala kitanda. Nyanya hakucheka tena. Aliuliza, "Ni wewe kweli?"

Hapo nikaanza kupima. Maneno niliyojifunza peke yangu kwenye tramu, vita, upanga, mlima, hayakunipotezea kitu. Kidawida chake nilikuwa nacho. Yaliyotoweka ni yale ya jioni na yule mama. Nikaamua kutoa sadaka neno moja: chumvi. Kabla ya somo nilijirekodi kwenye simu nikilitamka kwa Kidawida. Mama akanipa sal, nami nikampa letu. Kisha nikajifungia chumbani nikasikiliza. Sauti ilikuwa yangu, lakini alichokuwa akisema msichana yule sikukielewa. Nilijaribu kumwigiza, na kila nilipofunga mdomo neno likawa limeshaniponyoka. Ningekuandikia hapa, lakini ndilo ambalo sina.

Nilimfuata Aline jikoni nimwambie mama yake mdogo ananitisha.

"Mama yangu mudogo? Mi nilizani ni mugeni wa Njeri!"

Njeri alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. "Wangu? Wacha mchezo. Si ni mtu wenu wa Taita? Nimempa blanketi yangu juu yako!"

Ndipo Aline aliponiuliza lile swali.

"Nenda umuulize," nikamwambia.

"Mimi? Kuuliza mutu muzima vile? Haya sana."

Na mimi niliyemsumbua mwalimu wa katekesi, je? Niamini, niliona haya vilevile. Nilikwenda sebuleni. Alikuwa ameshika kikaratasi ambacho sikukiandika mimi.

"Avia," alisema. "Mama wa mama. Kwenu mnamwitaje?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilisikia neno likija, lile ninalomwitia nyanya tangu nijue kuongea. Nikalimeza.

"Mama, samahani. Wewe ni mgeni wa nani?"

Alitabasamu. "Mbona umechelewa hivyo kuniuliza?"

Akainuka, akakunja blanketi ya Njeri vizuri, akatoka. Nilifika mlangoni papo hapo. Mtaa wetu umenyooka, una taa. Hapakuwa na mtu. Labda alikata kona. Mimi bado hutafuta kona hiyo.

Mtihani niliupita vizuri kuliko darasa zima, kama hilo linakufurahisha. Maneno hayakurudi. Kaka yangu hunifundisha upya kwa simu na yote huteleza. Nampigia nyanya, namwita kwa lile neno nililobaki nalo, kisha tunanyamaza. Simu zetu zimekuwa fupi. Kwa hiyo sikia: mgeni mpe chai, mpe hata kitanda chako, lakini muulize amekuja kwa nani. Bora uitwe huna adabu.

Desemba iliyopita nilimuuliza kaka mbona nyanya halalamiki tena juu ya simu hizo. Akashangaa kwamba sijui. Tangu Juni ile kuna msichana huja jioni kuketi naye. Nyumbani wanadhani ni mgeni wa majirani. Majirani wanadhani ni wetu. Haongei mengi, tena kwa Kidawida tu: maji, moto, mlango, kitanda, chumvi. Nyanya humwita kwa jina langu. Kinachomsikitisha ni kimoja tu, alisema kaka: msichana huyo hajawahi kumwita nyanya.