Chumba Juu ya Mvinyo Unaochemka

Miaka ya ujamaa, nilipokuwa nafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari mjini Bukoba, serikali ilitupeleka walimu wawili Ufaransa kwa mwaka mmoja, tukaisikie lugha hiyo kwa wenyewe. Mwenzangu alikuwa binti wa mchungaji wa Kilutheri, mzaliwa wa Kahororo, mtaratibu, asiyejua hata ladha ya pombe. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa Muleba, nimekulia kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na kila baba alipokanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, nilikuwa jirani kuchungulia.

Wakati wa kuvuna zabibu ulipofika, tukiwa karibu kufunga kwa likizo, mwalimu wetu alituambia, "Hapa darasani mnasikia Kifaransa kilichovaa tai. Nendeni Burgundi mkakisikie kikiwa shambani." Tukapanda treni.

Tulishukia mji mdogo wenye mapaa ya vigae vya rangi. Katika ofisi ya wageni dada mmoja alitukunjulia ramani, akauliza, "Mnataka kulala vizuri, au mnataka kuona mizabibu?"

"Vyote viwili," mwenzangu akajibu.

"Basi mtapata shida." Akatueleza. Kulikuwa na hoteli karibu na stesheni, yenye maji ya moto. Kulikuwa na nyumba ya masista, safi kabisa, lakini lango lilifungwa mapema jioni. Na kulikuwa na wakulima wenye vyumba vya wageni huko vilimani. "Kwa wakulima mtakula wanachokula wao. Na kwa msimu huu, ua wote utanuka."

"Unanuka nini?" nikauliza.

"Mvinyo unaochemka, mama."

Tulianzia hotelini. Mwenzangu alikaa kitandani, akapapasa shuka, akafungua bomba la maji ya moto na kulifunga, na nikaona amekwisha kuchagua. Mimi nikaenda dirishani. Chini palikuwa na reli, na ng'ambo ya reli palikuwa na gereji.

"Tumetoka Bukoba kuja kutazama gereji?" nikamuuliza.

"Mizabibu tutaifuata kwa basi asubuhi."

"Tukawaone kwanza wakulima. Usipopapenda, tutarudi hapa na sitasema neno."

Akakubali, kwa shingo upande.

Basi lilitushusha kwenye mteremko. Kwetu ukiingia kibanjani migomba inakumeza. Jirani yako humwoni, unamsikia tu akikohoa. Hapa kilima kizima kilikuwa wazi mbele ya macho. Mizabibu ilikuwa mifupi, inanifikia kiunoni, imepangwa mistari iliyonyooka mpaka kwenye upeo, na watu walikuwa wameinama kati yake na vikapu. Mzee mmoja alituonyesha ukuta wa mawe uliokatiza shamba. Zabibu za upande huu, akasema, mvinyo wake ni mwingine. Za upande ule, mwingine. Nikatazama udongo wa huku na wa kule. Mimi niliona udongo uleule.

Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa ya mawe, yenye ua mpana. Nilipovuka lango tu, nikasimama. Ilikuwa harufu ya nyuma ya nyumba yetu Muleba, siku ya pili baada ya baba kuchanganya maji ya ndizi na mtama na kuufunika mtumbwi wa kuchachushia pombe kwa majani ya migomba. Na juu ya mapipa waliruka visubi wadogo, wale wale wanaotuingia machoni nyumbani.

"Waitu!" nikasema. "Hata visubi wao ni wetu!"

Mwenzangu akacheka, ingawa hakutaka.

Mwenye nyumba alitoka, mama mjane mwenye nywele nyeupe, mikono imeiva zambarau hadi viwikoni. Tuliposema tumetoka Tanzania, hakuuliza nchi hiyo iko wapi. Aliuliza, "Na ninyi mnavuna nini?"

"Kahawa, mama. Na ndizi. Nyingine tunapika, nyingine wanaume wanazikanyaga kwa miguu tupate pombe."

"Kwa miguu?" Akanitazama kama mtu aliyekutana na ndugu. "Marehemu mume wangu naye alikanyaga kwa miguu. Mashine hakuitaka."

Mwenzangu akaninong'oneza, "Mwambie tunachukua chumba. Nimeona huondoki hapa."

Chumba chetu kilikuwa juu kabisa ya ghala la mapipa ya mvinyo. Alfajiri niliamka nikasikia sauti sakafuni, kama sufuria kubwa inayotokota taratibu. Nikashuka kitandani, nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye mbao. Mvinyo ulikuwa unasema chini yangu.

Asubuhi yule mama alitushusha ghalani akiwa na mshumaa. Aliushika kwa mkono ulionyooka, karibu na magoti. "Moto ukizimika, tunarudi juu bila kuulizana," akasema. Upepo haukuwapo hata kidogo. Tulipokaribia pipa la mwisho, moto ukasinyaa, ukawa wa buluu, ukafa. Mwenzangu akanishika mkono, nikamsikia anaanza Baba Yetu kwa Kihaya. Juu uani mama akatueleza kwamba mvinyo ukichemka hutoa hewa nzito inayolala chini na kuua mtu kimya kimya. Baba mkwe wake alifia mle. Akafungua milango yote, tukangoja, tukashuka tena.

Nyuma ya mapipa palikuwa na pango la chupa, zimelazwa na kuota ukungu mweusi. "Nchi yenu ilipata uhuru mwaka gani?" akauliza. Nikamwambia. Akapita kando ya chupa akizigusa kwa kidole, akatoa moja, akaibeba kama anavyobebwa mtoto aliyelala.

Mchana aliifungua mezani. Zabibu zile zilichumwa wakati sisi watoto wa shule tunafundishwa wimbo mpya wa taifa! Rubisi yetu haingoji mtu. Siku ya tatu imechachuka. Huu ulikuwa umengoja zaidi ya miaka kumi, ukiwa na ladha ya udongo wa kibanja baada ya mvua. Mwenzangu akalowesha midomo tu, akafumba macho.

"Nimeonja Uhuru," akajitetea. "Sikuonja pombe."

Tulikaa pale mpaka likizo ikaisha. Mwenzangu hakuitaja hoteli tena.

Niliporudi Muleba nikamsimulia baba.

"Burundi?" akashangaa. "Mbona ni hapo tu, ng'ambo ya Ngara?"

"Burgundi, taata. Ufaransa."

Akasikiliza mpaka mwisho. Siku hizo viongozi walikuwa wakija kila mara kutuhimiza shamba la kijiji, na baba alikuwa hakosi mkutano, ingawa alikuwa hasemi kitu.

"Pombe ya miaka kumi," akasema polepole. "Mtu anapika pombe, anajua itanywewa na wajukuu, na bado anaipika vizuri. Huyo ujamaa anaujua."

Kisha akanyanyuka, akaniambia nisiondoke, akaenda kumwita jirani ili nianze upya.