Kibao cha Mwalimu Yusto

Mimi Yusto nimefundisha Jiografia miaka kumi na tisa katika shule moja ya msingi hapa Kibara, na muda wote huo nilikuwaga najisifia kitu kimoja: darasani kwangu husikii Kijita. Nilichonga kibao, nikakitia kamba. Mtoto akiropoka neno la nyumbani anakivaa shingoni, naye akimsikia mwenzake anamvalisha. Atakayekutwa nacho jioni, fimbo tatu. Na mimi mwenyewe ni Mjita, mtoto wa mvuvi! Kiswahili nilikijulia shuleni kwa viboko hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu, bibi yake Lilian wa darasa la sita alinifuata shuleni. Bibi Dafroza hajui Kiswahili, kwa hiyo aliniuliza kwa Kijita mbona mjukuu wake hamjibu tena. Wanaishi wawili tu, akasema, na nyumba imekuwa kimya. Mtoto anaogopa ulimi usije ukateleza shuleni, basi ameamua kunyamaza hata nyumbani.

Nilimwelewa neno kwa neno. Nikamjibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti, ili walimu wenzangu wasikie: "Mtoto anasoma, bibi. Hayo ndiyo maendeleo." Akaniangalia, akaondoka. Na mimi nikaenda kunywa chai. Jamani, ile chai ilishukaje?

Wiki iliyopita tukapata mgeni, Sista Brijita, mama wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa visiwa vya Arani huko Ayalandi. Nilimwomba mwenyewe aje awasimulie wanangu wa darasa la sita habari za kwao.

Visiwa ni vitatu, vidogo, mwamba mtupu, bahari inapiga pande zote. Udongo ulikuwa haba mno. Wazee wao walibeba mchanga na majani ya baharini kwa vikapu mgongoni, wakatandaza juu ya mawe mwaka hadi mwaka, mpaka viazi vikaota. Upepo usije ukaupeperusha udongo wao, wakajenga kuta za mawe bila tone la saruji.

"Kumbe shamba linatandikwa kama kitanda!" akasema Clever kutoka dawati la nyuma. Tukacheka wote.

Halafu Sista akafika kwenye lugha. Visiwani bado wanaongea lugha yao ya asili, na kila likizo watoto wa bara wanavuka kwa boti kuja kukaa kwenye nyumba za watu ili wajifunze. Lakini zamani, akasema, mtoto wa Ayalandi alivalishwa kijiti shingoni. Kila neno la nyumbani, alama moja kwenye kijiti. Jioni anachapwa kwa hesabu ya alama.

"Sehemu nyingi lugha ilikufa," akasema. "Walimu walidhani wanatusaidia."

Darasa zima likanigeukia. Siku hiyo kibao kilikuwa kwa Clever, kakificha ndani ya shati. Sista hakujua lolote. Akamwambia Lilian kwa upole, "Hebu nisalimie kwa lugha ya kwenu, mwanangu."

Lilian akasimama, akaniangalia mimi. "Sista, mimi siijui."

"Sema tu, Lilian," nikamwambia.

Akaanza kulia. Lo, niliaibika! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na chaki yangu mkononi. Mtoto alikuwa ananiogopa mimi kwa kusalimia tu.

Walipotoka nilimvua Clever kile kibao, nikaongozana na Lilian hadi kwao. Bibi yake alikuwa anaanika mihogo. Nilimwamkia kwa Kijita, nikamwambia kwa Kijita kwamba nimekosa, nimemnyamazishia mtoto, naomba anisamehe.

Hakunijibu kwa Kijita. Alijifuta mikono kwenye kanga, akamtazama mjukuu wake, akaanza polepole kama mtoto wa chekechea:

"Karibu, mwalimu. Mimi nasoma Kiswahili kwa jirani. Kila siku. Nataka mjukuu yangu anijibu."

Kisha akaniuliza kama amekosea mahali.