Mpwa Wangu Alipokataa Kuandika Tatu

Jumatatu moja saa moja asubuhi, mpwa wangu alichomoa mpini wa vali ya mafuta ya boila, akautia kwenye mkoba wake, akakalia ndoo na kutangaza kwamba leo hakuna shuka litakalofuliwa.

Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hiyo. Aibu yangu mnaweza kuikadiria.

Kilikuwa kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Mimi fundi wa boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, miaka kumi na moja, Mfanyakazi Mtiifu mara tatu, na vyeti ninavyo. Kila asubuhi natazama kipimo cha presha ya mvuke, naandika namba kwenye daftari, natia saini.

Namba ilikuwa tatu. Kila siku tatu. Nilidhani boila linanipenda.

Sasa huyu binti, katoka chuo cha ufundi juzi tu. Wenzake walimwita Mbona, maana maneno yake yote yalianzia hapo.

"Mjomba, boila si limezimwa tangu Ijumaa?"

"Ndiyo."

"Limepoa kabisa. Mbona mshale unasema tatu?"

Nikatazama. Kweli, tatu.

"Andika tatu," nikamwambia.

"Siandiki."

"We mtoto, asiyesikia la mkuu..."

"Mjomba, guu litakalovunjika si langu. Kina dada wa pasi wanakaa nyuma ya ukuta huu. Presha ikifika kumi tutajuaje?"

Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: KIPIMO KIMEKUFA. BOILA LISIWASHWE.

Daftari langu safi la miaka yote! Nilijisikia kama mtu kapiga chafya kwenye shuka jeupe. Ndipo akachomoa ule mpini.

Bosi akaja mbio, tai begani.

"Mtie adabu mpwa wako, au mtoke wote wawili!"

Nikambembeleza mpwa wangu, wapi. Nikampigia simu dada yangu, nikijua mama mtu atanisaidia.

"Kakataa nini?" dada akauliza.

"Kakataa kuandika uongo," nikajikuta nimesema. Nikakata simu haraka.

Kina dada wa pasi, wanne, wakasikia. Wakatoka nje na kukaa naye. Bosi akapandisha mori, akamfukuza Mbona papo hapo.

"Ila acha mpini!"

"Nitampa fundi wa nje akija."

Bosi akamwita fundi wa nje kweli, tena kwa furaha, ili amuumbue mtoto mbele za watu.

Fundi akagonga kipimo kwa kidole. Tatu. Akakifungua kabisa, akakishika mkononi. Bado tatu. Akageukia vali ya usalama, ile ya kutoa mvuke ukizidi. Imeshika kutu, haisogei hata kwa nyundo.

"Jamani, hili ni bomu," akasema. "Mmekuwa mkilichemsha kila siku."

Mkubwa wa kina dada wa pasi akaanza kulia. Hawa ni watu niliowasalimia kila asubuhi.

Fundi akafunua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi. Yule dada akachungulia, akafuta machozi.

"Hii si ile wiki boila lilipopelekwa karakana kuzibwa tundu?"

Nikahesabu tarehe kwa kidole.

Ilikuwa yenyewe. Boila liling'olewa, kipimo kikabaki kinaning'inia ukutani, nami nikakisoma. Siku saba nilipima presha ya chumba kitupu, na saini nikatia.

Bosi, aliyesema siku zote nisiulize, akanifukuza kabla ya saa sita kwa kutouliza. Mbona akarudishwa kazini na kupewa nafasi yangu.

Jioni akaja nyumbani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," nikajibu kwa shingo upande.

"Nimemwambia bosi boila jipya likija siliwashi mpaka urudi."

"Niwe fundi?"

"Uwe msaidizi wangu. Na kalamu hugusi."

Nikafungua mdomo niseme ndiyo, kama nilivyozoea.

"Hapana," nikasema. "Kwanza kina dada wa pasi wahamishwe pale ukutani."

Akanitazama kama kaona mzuka. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Bosi alikubali yote siku ya pili, mashuka machafu yalipofika darini.

Wazazi na walezi mnaosoma hapa: mtoto akikataa, kabla hujatafuta fimbo, angalia kwanza anachokuonyesha. Kile kiwanda kilijaa sisi watiifu, na tulibakiza kidogo tuwalipue wenzetu kwa heshima zote.