Kitabu Kisicho na Shikamoo

Mimi niliishia darasa la nne. Nasema mapema ili mtu asije akajidai kanigundua. Kusoma najua, ila nasoma kwa sauti na kwa kidole, na ukinisemesha katikati naanza mstari upya. Duka langu la sufuria liko Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nimelifungua kwa jasho langu mwenyewe, na hajazaliwa wa kuniuzia sufuria iliyotoboka.

Shule ya msingi anayosoma mjukuu wangu, kule Ilala, ilipata chumba cha maktaba. Chumba kilikuwepo; rafu hakuna, vitabu hakuna. Rafu nikazitengenezesha mimi. Mwalimu mkuu akanishukuru mbele ya wazazi, halafu akaniomba nisaidie kuchagua vitabu vya hadithi vya darasa la tatu mpaka la saba. Nadhani alitegemea nitakataa. Nikakubali.

Kazi hiyo tuliifanya mimi na mwalimu wa Kiswahili, binti mpole mwenye miwani. Vitabu vilikuwa vya mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitabu Kisutu. Analeta boksi, tunasoma, tulichokikubali kinabaki, tulichokikataa anarudi nacho. Huyo mzee tunajuana tangu nilipokuwa natembeza mabeseni kichwani na baba yake akinifukuza barazani kwao.

Mwalimu alikuwa na karatasi yake: kama lugha inafaa umri wa mtoto, kama picha zinaendana na maneno, kama hadithi inavuta. Mimi nilikuwa na langu moja. Mtoto wa kwenye kitabu akiingia nyumbani akamkuta mkubwa, natazama kama amemwamkia. Kama hakumwamkia, nafunga kitabu hapohapo.

"Lakini Bibi, hiki ni cha sungura," mwalimu aliniambia.

"Huyo sungura ana mama?"

"Anaye."

"Kaingia, kamkuta mama yake amekaa. Kasema nini?"

Mwalimu akafungua, akatazama. "Kasema, 'Nina njaa.'"

"Kirudi Kisutu."

Kimoja kilitoka nchi za watu, mtoto anamwita babu yake kwa jina. Hicho nilikifunga, nikakiwekea na sufuria juu. Kingine watoto wanapita mtaa mzima wanaamkia watu, mpaka muuza kahawa na mgonjwa aliyelala. Nikakipitisha. Mwalimu akalalamika kwamba hakina hadithi. Nikamwambia hadithi watazipata kwingine.

"Mama," yule mzee wa Kisutu aliniambia akibeba boksi lake, "wewe unakataa vitabu kama unakataa posa."

"Lete wenye adabu nitapokea."

Sasa mjukuu wangu. Yuko darasa la tano, nakaa naye mimi. Kusoma kwake kulikuwa kama kwangu, kwa kidole, na hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Mimi nilitoka kimaisha kwa shingo na mabeseni. Siku hizi shingo hainunuliwi. Mwalimu alikuwa ameshaniambia: mtoto akiitwa mbele asome, anashika tumbo, anasema linamuuma. Nilimpeleka hospitali. Tumbo zima.

Vitabu nilikuwa navisoma dukani, wateja wakipungua, na yeye akitoka shule anakuja kukaa na mimi. Jioni moja nikaona kimya. Mtoto akinyamaza dukani kuna kitu kimevunjika, kwa hiyo nikageuka. Nikamkuta amekaa juu ya sufuria kubwa iliyofunikwa, kitabu mapajani, anasoma. Kidole hakuna. Midomo tu ndiyo inacheza. Mteja akaja anataka mfuniko ambao ulikuwa nyuma ya mgongo wa mjukuu wangu. Nikamwambia mteja mfuniko umekwisha.

Kesho yake akiwa shule, nikakichukua kile kitabu nikikague. Kilikuwa na picha ya kuku jaladani. Kinaanza hivi: msichana anarudi kutoka shule, bibi yake amekaa mkekani anachambua mchele. Msichana anampita, anatupa begi, anaingia ndani. Hata neno.

Nikafunga. Nikasema afadhali nimewahi, maana huyu wangu angeiga. Mchana mzee wa Kisutu akaja, akaondoka nacho.

Jioni mjukuu wangu akapekua boksi mpaka chini. "Bibi, kile cha kuku kiko wapi?"

"Kimerudi. Yule mtoto hana adabu."

"Mimi sijakimaliza! Na wewe hujakimaliza!"

"Sufuria ikivuja sihitaji kuipikia pilau ndiyo nijue."

Akalisukuma boksi pembeni. Na siku iliyofuata akaja dukani kutoka shule, akanipita, akaweka begi, akakaa. Shikamoo hakuna. Mbele ya wateja. Mama wa duka la jirani, ambaye hata siku moja hajawahi kukosa la kusema, akachungulia. "Shoga, mjukuu wako leo kameza ulimi?"

"Koo linamuuma," nikasema.

Kesho yake vilevile. Ukimtuma anaenda, ukimpa chakula anakula, vyombo anaosha. Shikamoo hatoi. Nikamwekea vitabu vingine mbele yake, vyote vya adabu nilivyovipitisha mwenyewe. Hakugusa. Na mwalimu akanipigia simu: lile tumbo limerudi.

Nikakaa dukani nikawaza. Huyu mtoto nimemlea mimi, kwa mkono huu. Kwamba hana adabu, hapana, siwezi kukubali, maana itakuwa nimelea vibaya, na mimi sijalea vibaya. Kwa hiyo anayo. Kama anayo na haniamkii, basi ana sababu. Na kama wangu ana sababu, yule wa kwenye kitabu naye alikuwa na nini?

Nikamwachia jirani duka, nikakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka Kisutu.

"Karibu Mama," mzee akasema. "Umekuja kukataa na vya kwenye kabati?"

"Nataka kile cha kuku."

"Ulisema yule mtoto hana adabu."

"Nataka kujua kwa nini."

"Mimi nimekisoma. Sikwambii." Akanipa, akarudi kwenye chai yake.

Mjukuu wangu alipofika nikamwekea kitabu mapajani. "Nisomee."

"Wewe si unajua kusoma."

"Sina miwani."

"Siku zote huna miwani."

"Basi na leo sina."

Akasoma. Nje vijana walikuwa wanapiga kelele kwenye vipaza sauti, kila nguo bei moja, kwa hiyo ilimbidi apaze sauti, na akapaza. Kumbe yule msichana alikuwa na kuku wake, kamlea tangu kifaranga. Wageni wakaja akiwa shule, bibi yake akamchinja yule kuku bila kumuuliza. Msichana akarudi akakuta manyoya uani.

"Sasa wageni wangekula nini?" nikauliza.

"Kulikuwa na dagaa, Bibi. Wameandika."

Nikamwashiria aendelee. Jirani alikuwa ameshasogeza kiti chake mlangoni kwetu, naye amenyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Msichana wa kwenye kitabu akaendelea kumnyamazia bibi yake, ukurasa kwa ukurasa. Bibi mtu, kiburi kimemjaa, haombi radhi. Ila ukurasa wa mwisho akaenda sokoni, akarudi na kifaranga kwenye upindo wa kanga, akakiweka mkekani, akaendelea kuchambua mchele. Msichana akatoka shule, akafika mlangoni, akakiona, akasimama.

"'Shikamoo, bibi,'" mjukuu wangu akasoma.

"Marahaba," nikaitikia.

Jirani akaniangalia. Mjukuu wangu akainua uso. "Siyo wewe, Bibi. Ni wa kwenye kitabu."

"Kwani yeye kaitikia?"

Akatazama tena ukurasa, akageuza nyuma, hakuna kitu. "Hawajaandika."

"Basi nimemwitikia mimi."

Asubuhi yake tukaongozana mpaka shule, kitabu kakibeba yeye. Nikamwambia mwalimu kimepita.

"Shikamoo ipo," nikasema. "Iko mwisho. Kosa ni la mwandishi kuiweka mbali."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta taratibu. Akaniuliza kama na vile vingine vilivyorudi Kisutu tuviitishe, tuvisome mpaka mwisho.

Nikamwambia tuanze na sungura.