Walinzi Wasiomwona Paka

Usiku ule simu niliilaza kifuani, sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Binti yangu na mjomba wake walikuwa wamekwenda mji mwingine kwenye mashindano ya gemu za zamani, na tangu jioni hakuna aliyenipigia. Mimi hofu ndiyo ugonjwa wangu. Mlango wa jirani ukilia tu, moyo unaruka.

Mjomba huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mtaani wanamwita Paka. Ana ukumbi wa gemu, chumba kirefu chenye kompyuta kuukuu, feni inayokwaruza na mapazia meusi ili jua lisipige vioo. Jina alilipata kwa gemu moja: askari peke yake anajipenyeza kwenye kambi ya adui. Gemu ngumu, haina huruma hata chembe. Risasi mbili umekwisha, na hakuna kuhifadhi katikati. Ukifa kwenye mlango wa mwisho, unarudi kwenye uzio wa kwanza. Vijana walikufa humo mpaka wakapiga meza ngumi. Paka alipita mbele ya walinzi kama upepo.

"Subira, jamani," aliwaambia. "Gemu hii haitaki papara."

Nami nilikaa kwenye stuli karibu na mlango, nauza maji, namwamini. Binti yangu alimwamini kuliko mimi. Alijifunza kwake miaka mingi, akitambaa, akifa, akianza upya. Akishindwa analia, Paka anamcheka: "Mpwa wangu, unakanyaga kama tembo!"

Simu ililia alfajiri.

"Mama, wamenifungia. Sitaruhusiwa tena kucheza mashindano yao."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Mjomba aliachia kipanya arekebishe hedifoni, askari wake amesimama wima katikati ya taa. Mlinzi akaja, akampita begani kama hamwoni. Waamuzi wakasimamisha mchezo. Wakakagua flashi aliyochomeka, wakakuta programu ya kuwapofusha walinzi. Mjomba akasema flashi ni yangu. Eti niliiweka bila yeye kujua."

"Ukajibu nini?"

"Nilimwangalia tu, mama. Nilidhani atacheka, aseme ni utani."

Hapo nikakumbuka mlio. Kila Paka alipochomeka flashi yake aanze kucheza, kompyuta ilitoa mlio mdogo, tii. Niliwahi kumuuliza, akasema ni mashine inapata moto. Mlio huo niliusikia binti yangu akiwa bado mtoto, hata kipanya hajui kukishika.

Walirudi kwa magari tofauti. Binti yangu aliingia, akapita moja kwa moja jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Paka alikuja jioni. Nilifungua nusu, nikasimama palepale kizingitini.

"Dada, nielewe. Yeye kijana, watamsahau. Mimi nikiitwa mdanganyifu, nani ataingia ukumbini kwangu?"

"Kwa hiyo umemvisha mwanangu uchafu wako."

"Anyamaze tu mpaka upepo upite. Damu nzito kuliko maji, dada."

"Damu hiyo jana ulikuwa umeiacha wapi?"

Akacheka, kicheko chake kilekile cha ukumbini. "Lakini si ni gemu tu!"

Kutoka jikoni binti yangu akasema, bila kugeuka, "Kama ni gemu tu, mjomba, mpigie msimamizi wa mashindano useme kweli. Namba ninayo."

Paka akafuta soli ya kiatu kwenye ngazi, ingawa haikuwa na tope.

"Kesho," alisema.

"Sasa hivi," nikamwambia.

Akatia mkono mfukoni. Nilidhani anatoa simu, nikaanza hata kumsamehe. Alitoa funguo za ukumbi, akazirusharusha kiganjani. "Wateja wananisubiri, dada. Na huyo mwambie asiwe mtoto."

Nikasukuma mlango, nikatia komeo.

Alibisha. Mwanzo kwa kidole, kisha kwa kiganja.

"Dada, fungua basi. Tuongee kama watu."

"Umeshapiga?"

Nilimsikia akihema. Yule mtoto niliyembeba mgongoni mama yetu akiwa kazini, nilimjua hata pumzi yake.

"Dada."

"Nimekuuliza, umeshapiga?"

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono inachuruzika maji, anaangalia mkono wangu uliokuwa bado juu ya komeo. Paka akabisha tena. Niliuondoa mkono, nikavuta kiti, nikakaa nimeuegemeza mgongo mlangoni.